Maneno Magumu ya Kiingereza na Hifdhi ya Madrasa



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu limezuka swali ambalo wazee wetu hawakulijua. Zamani mzazi aliuliza kama mwanawe ataingia chuo kikuu au hataingia. Leo, alhamdulillahi, wapo mabinti wengi wenye shahada ya kwanza, na swali limepanda daraja. Binti amehitimu, anataka shahada ya uzamili ng'ambo, na maelezo ya chuo yamtaka alete alama za mtihani ujulikanao kwa herufi tatu, GRE. Baba hajapata kuusikia. Mjomba aliye Dubai asema ni mtihani wa hesabu. Jirani asema ni mtihani wa Kiingereza cha Wazungu wenyewe, na ya kwamba hata wao huwashinda. Ada yake ni dola 220 za Marekani, ambazo kwa bei ya dola ya siku hizi hukaribia shilingi 28,000 za Kenya. Kwa nyumba nyingi hizo ni kodi za miezi kadhaa, na anayezitoa hutaka kujua anazitolea nini.

Mjomba na jirani wote wawili wamesema nusu ya kweli. Mtihani huu hutungwa na shirika la ETS, lililoanzishwa Marekani mwaka 1947. Una sehemu tatu: insha, lugha na hesabu. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, ukawa hautimizi saa mbili. Insha imebaki moja, ya nusu saa, na sehemu ya lugha ina maswali 27. Alama za lugha huanzia 130 hadi 170, vivyo hivyo za hesabu. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kila chuo hutazama alama kwa kiwango chake, nazo hudumu miaka mitano. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi.

Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, muombaji na ahakikishe kwamba idara anayoitaka yauhitaji mtihani huu. Tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020 vyuo vingi vimeuondoa au vimeufanya wa hiari. Wako waliolipa ada kwa sababu rafiki alilipa.

Linalowatisha wengi ni maneno. Nami nasema, kwa kuyatazama mambo haya kwa jicho la mtu aliyelelewa madrasani, kwamba watoto wetu wana silaha ya kuyakabili ambayo wengine huinunua kwa bei ghali. Silaha hiyo ni hifdhi. Lakini ni hifdhi kamili, yenye muraja'a, yenye msikilizaji na yenye kufahamu. Hifdhi ya kukariri orodha usiku kwa usiku haimo katika hesabu hii.

Riruta Satellite ni mtaa ulio ubavuni mwa Kawangware, magharibi ya Nairobi, na wapo huko watu wetu wa pwani waliokwenda kutafuta maisha. Niliitembelea nyumba moja ya watu hao. Mama hupika mahamri na mbaazi, huuza alfajiri kando ya njia wakati matatu za nambari 46 zimeanza kupiga honi. Binti yake amesomea mambo ya lishe, na anataka kuendelea na elimu ya afya ya jamii. Chumba wanachokaa ni kimoja, pazia limekigawa, na maji huja kwa mitungi. Alikuwa amenunua kitabu cha mtumba chenye ile orodha mashuhuri ya Barron's ya maneno 3,500, iliyopangwa kwa alfabeti. Miezi miwili alikuwa akipigana nayo, na alikuwa bado yupo herufi ya tatu.

Akaniambia, "Maalim, mia tatu nimeshayahifadhi. Lakini nikiyakuta ndani ya habari, ni kama watu niliowaona kwenye picha tu. Wakinipita njiani siwatambui."

Maneno hayo yanaeleza ugonjwa wote. Orodha ya alfabeti huwaweka pamoja wanaofanana kwa sauti na kuhitilafiana kwa maana: "abate", "aberrant", "abeyance", "abscond", "abstemious". Ni kama kumpa mwanafunzi aya za mutashabihati siku moja, zote zaanza vivyo hivyo, kisha kumshangaa akichanganya. Tena kitabu kile kilikuwa cha zamani. Mpaka mwaka 2011 mtihani uliuliza vinyume vya maneno na ulinganisho wa jozi za maneno, na mwenye orodha kichwani alipata faida. Mwaka huo maswali hayo yakaondolewa. Sasa mwanafunzi hupewa sentensi au aya yenye pengo moja, mawili au matatu, ayajaze yote sawasawa. Akikosa pengo moja amekosa lote. Au hupewa sentensi moja na maneno sita, achague mawili ambayo kila moja litaikamilisha sentensi kwa maana ile ile. Waliobaki ni kusoma na kufahamu. Kwa hiyo neno lisilojulikana ndani ya sentensi halijulikani.

Lililoiokoa nyumba ile halikutoka kwangu, niliwakuta nalo. Mama hakusoma skuli. Alisoma chuoni kwa maalim, huko kwao pwani, na mpaka leo huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika mabibi zetu barua zao. Alipomwona mwanawe anazungumza peke yake usiku, alimwambia: "Nipe mimi nikusikilize, mwanangu. Juzuu Amma ni nani aliyekusikiliza?"

Basi binti akakata maboksi ya maziwa, akafanya vikaratasi. Upande mmoja ameandika neno la Kiingereza pamoja na sentensi aliyoikuta gazetini au kitabuni. Upande wa pili, kwa herufi za Kiarabu zenye irabu, ameandika matamshi ya neno lile, na chini yake maana yake kwa Kiswahili. Mama anachoma mahamri, na kikaratasi ki mkononi. Anasoma, "Lakonik." Binti anajibu, "Mtu wa maneno machache," kisha anatoa sentensi. Siku ya pili mama hugeuza: anasoma maana, binti anataja neno. Mama hajui Kiingereza, wala hakihitaji. Msikilizaji kazi yake ni kushika matini na kumzuia mwenzake asijidanganye.

Vikaratasi vinakaa katika mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza ni wa kila siku, wa pili husikilizwa mara moja kwa juma, wa tatu mara moja kwa mwezi. Neno lililojibiwa sawa mara kadhaa hupandishwa mkebe. Lililosahauliwa hurudishwa wa kwanza bila ya huruma. Hii ndiyo muraja'a tuliyoikuta kwa walimu wetu: darsa mpya, darsa ya jana, darsa ya juma. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio ya kuhifadhi silabi zisizo na maana, akaandika mwaka 1885 jinsi usahaulifu unavyokuja kwa kasi mwanzoni na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyouzuia. Kwetu sisi jambo hili lina asili kongwe zaidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwausia wenye kuhifadhi Qur'ani waiangalie daima, akaifananisha na ngamia waliofungwa ambao hukimbia wasipoangaliwa. Hadithi hiyo ni ya Bukhari na Muslim. Simfananishi mtu maneno ya mtihani na maneno ya Mola wake, audhubillahi; nasema tu kwamba kichwa ni kile kile kimoja.

Na hesabu yake si ya kuogofya. Maneno kumi kwa siku, siku sita kwa juma, ni 60. Majuma kumi na saba ni maneno 1,020. Mwenye maneno elfu moja yaliyokaa sawasawa ni tajiri kuliko mwenye 3,500 yanayoelea.

Silaha ya pili ni ile tuliyoipata katika darsa ya sarfu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kitabu, katibu, maktaba na kutubu zimezaliwa na mama mmoja, hashangai akiambiwa kwamba Kiingereza cha wasomi kimejaa koo za Kilatini. Kwa mfano, "loquacious" ni msemaji sana, "eloquent" ni mwenye ufasaha, "colloquial" ni ya mazungumzo ya kawaida, "soliloquy" ni kusema peke yako. Zote zatokana na kitenzi cha Kilatini cha kusema. Ukoo mwingine ni wa kuamini: "credible" ni kinachoaminika, "credence" ni itibari, "credulous" ni mwepesi wa kuamini kila aambiwalo, na "credit" ni deni linalotolewa kwa kuaminiana. Mweleze haya mtoto wa madrasa, naye mwenyewe atakuletea imani, amini, amana na amani. Ndugu wa Kilatini na ndugu wa Kiarabu wamepita njia moja, kutoka moyoni mpaka kwenye mali.

Ila asili ya neno ni fununu, si hukumu. "Enervate" lasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha. "Noisome" haina uhusiano na kelele. Ni chenye uvundo. Na tazama neno "nadir", ambalo orodha zote hulitaja. Msomaji wetu hukimbilia nadra, akadhani ni kitu kisichopatikana ovyo. Sivyo. Nadra yetu ni ya dali. "Nadir" ya Kiingereza ni ya dhaa yenye nukta, ndugu wa nadhari, nayo waliichukua kwa wanafalaki wa Kiarabu. Kwao ilikuwa ni ile nukta ya mbingu iliyo chini ya nyayo zetu, ikiikabili nukta iliyo juu ya vichwa vyetu. Hiyo ya juu waliiita samt ar-ra's, na Wazungu wakaipotosha mpaka ikawa "zenith". Leo moja ni kilele cha jambo na nyingine ni upeo wake wa chini. "Cipher" ni sifuri yetu, ikaja kuwa maandishi ya siri. "Garble" ni gharbala, kuchekecha. Mwenye kuchekecha habari akachagua anazozitaka huiharibu, na ndiyo maana neno sasa lamaanisha kuivuruga habari isifahamike. Mwanafunzi akiona kwamba sehemu ya maneno haya ya fahari yaliondoka kwetu, hofu humpungua. Nimeiona hofu hiyo ikipungua.

Palipo pagumu hasa ni tofauti ndogo ndogo. Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa kuliko tunavyodhani, maana nacho hakikubali kila neno liketi kila mahali. "Frugal" ni mtu anayeshika mali yake kwa uangalifu, na ni sifa. "Parsimonious" amevuka mpaka, ni bahili. "Prodigal" amevuka upande wa pili, ni mbadhirifu. Muislamu aliyefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amesifu walio kati ya israfu na ubahili, anayo mizani hiyo moyoni tangu utotoni. Kilichobaki ni kuyapachika maneno mahali pake. Kinyume chake, akiandika nyuma ya kikaratasi "mtu asiyetumia pesa" kwa "frugal" na kwa "parsimonious", amejichimbia shimo.

Kuna pia maneno mepesi yenye maana ya pili, na watunzi wa mtihani huyapenda kuliko yale marefu. "Qualify" kila mtu aijua kwa maana ya kustahiki. Katika maandishi ya kitaaluma aghalabu ni kuiwekea kauli mipaka. "Sanction" ni kuidhinisha, na ni kuadhibu. Wanalughawi wa Kiarabu wana mlango mzima wa maneno kama haya, wauitao adhdadi, na kila aliyesoma anajua kwamba mawla ni bwana na ni mtumwa aliyeachwa huru.

Lakini ningeulizwa ni maneno gani ya kuanza nayo, ningesema: yale madogo. "Although", "despite", "hence", "nevertheless". Tulipokuwa tukisoma nahau, mwalimu hakuturuhusu kupita juu ya "lakin" wala "bal" bila ya kueleza inafanya kazi gani. Chukua sentensi hii: ingawa mzee alisifika kwa ukimya wake, jioni ile alikuwa nini? Asiyejua neno lolote kati ya yale sita tayari anajua kwamba linatakiwa neno la mtu asiyenyamaza, kwa sababu "ingawa" imemwambia. Basi atatafuta mawili, mathalan "garrulous" na "loquacious". Binti wa Riruta alipoanza kuzungushia duara viungo hivyo kwa kalamu kabla ya kutazama majibu, ndipo alipoanza kupata. ETS hutoa majaribio mawili kamili bure kwa kompyuta, yaitwayo POWERPREP, na ni bora kuliko kitabu chochote cha mtumba. Moja na lifanywe mwanzo, kupima. La pili majuma mawili kabla ya siku yenyewe.

Na lazima asome. Kurasa chache kila siku za Kiingereza kizuri, tahariri za magazeti, makala za sayansi na historia, na kila neno geni liingie kikaratasini pamoja na sentensi yake. Kibera ina maktaba ya taifa. Mjini, Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Wakati wa ukoloni maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao; baba zetu walitoka msikitini wakaipita. Leo binti yetu aswali Adhuhuri upande huu, kisha avuke akasome upande ule.

Wako watakaosema: haya yote kwa ajili ya lugha ya Wazungu? Tirmidhi na Abu Dawud wamepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu anayeaminika, naye akayamudu kwa nusu mwezi. Zayd huyo ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Lugha ya pili haikumtoa katika ya kwanza.

Ninalolihofia mimi ni jambo jingine, nalo ni saa. Katika nyumba zetu kijana wa kiume akishika kitabu, nyumba nzima hunyamaza. Binti akishika kitabu, huitwa: kuna vyombo, kuna mtoto, wageni wamefika. Ukimwomba baba shilingi 28,000 atahuzunika. Ukimwomba saa moja na nusu kila siku, ambayo hakuna atakayemwita bintiye, ataona umemwomba jambo dogo, na ndilo litakaloshindikana. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake. Kaka anayeona haya kuosha sufuria ili dada yake asome, na amtafutie mtu mwingine wa kumfuata. Wakati ulio bora kwa nyumba za mitaa kama ile ni baada ya Alfajiri. Usiku muziki wa matatu hauna subira na mtu.

Kuhusu ada: mikopo ya simu yenye riba isikaribiwe, hata kama siku ya kujiandikisha imebaki moja. Chama cha akina mama kikimpa binti zamu ya mwanzo kimefanya sadaka na biashara kwa pamoja. Na ikiwa alama hazikuridhisha, mtihani hurudiwa baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi kumi na miwili, kwa ada mpya kila mara. Na muombaji huchagua alama zipi zipelekwe.

Alama mbaya si hukumu ya mwisho. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Kadhi Mkuu Sheikh al-Amin bin Ali, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari, na Makerere haikumpokea. Akafanya kazi katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, MIOME, kisha akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Alihitimu Manchester mwaka 1960, Columbia ya New York mwaka 1961, na Oxford shahada ya uzamivu mwaka 1966. Akarudi Makerere ile ile, akiwa profesa. Kiingereza chake wenye Kiingereza walikuwa wakikaa kukisikiliza.

Suala la binti kusafiri peke yake na mahali pa kukaa lina kauli zake kwa wanazuoni, na hukumu yake yataka kujua hali ya kila mtu. Familia ikae na sheikh wake mapema, kabla ya ada kulipwa, isije ikangoja mpaka viza imetoka ndipo wazee waitwe. Ushauri wa masomo hupatikana bure katika ofisi ya EducationUSA, iliyo chini ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Anayevaa hijabu au nikabu na asome kanuni za ukumbi, na hasa kanuni za kufanyia mtihani nyumbani, aulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi.

Limebaki dogo lenye madhara makubwa: jina. Sisi Waislamu wa pwani tuna ukarimu mwingi katika kuandika majina. Cheti cha kuzaliwa chasema Fatma, cha sekondari chasema Fatuma, pasipoti yasema Fatimah; na baba yake ni Mohamed hapa, Muhammad pale. Jina la kujiandikishia mtihani lazima liwe sawa, herufi kwa herufi, na lile la kitambulisho atakachokwenda nacho mlangoni; likihitilafiana aweza kuzuiwa kuingia, na ada isirudi. Basi leo jioni viteremsheni vile vyeti kutoka juu ya kabati mvilinganishe. Palipo na tofauti, marekebisho huchukua miezi, na ni heri miezi hiyo iende sambamba na mikebe ya vikaratasi.